Nani apewe taarifa zako za afya? Tathmini ya huduma zinazoziomba

Huduma tunayoipa alama za juu kabisa katika tathmini hii ndiyo inayoomba kidogo kuliko zote. Inaitwa Flutracking, dodoso la kufuatilia mafua. Ilianza Australia mwaka 2006, na kila Jumatatu humtumia mshiriki barua pepe yenye maswali machache: wiki iliyopita ulipata homa? Ulikohoa? Ulikosa kazi au shughuli zako za kawaida kwa sababu ya ugonjwa? Umechanjwa chanjo ya mafua mwaka huu? Asiye na dalili humaliza kwa sekunde zisizozidi 15, na anaweza kuwajibia pia watu wa nyumbani mwake. Haihitaji kujua ulilala wapi jana, wala kusoma orodha ya namba zilizomo kwenye simu yako.

Tunaanza nayo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo washiriki wengi hulikosea. Huduma ya aina hii inamhitaji mtu mwenye afya sawasawa na inavyomhitaji mgonjwa. Chukua mfano wa kubuni. Watu 1,000 wamejiandikisha, na wiki hii 40 kati yao wana homa na kikohozi. Wote wakijibu, hesabu ni asilimia 4. Sasa tuseme wagonjwa wote 40 wanajibu, maana ugonjwa wenyewe umewakumbusha, lakini kati ya wazima 960 wanajibu 160 tu. Hesabu inakuwa 40 kwa 200, yaani asilimia 20, mara tano ya hali halisi. Hakuna aliyedanganya na hakuna mashine iliyoharibika. Ni wale wazima 800 walioona hawana la kuripoti wakaipita ile barua pepe.

Kwa sababu hiyohiyo, wachambuzi wa dodoso za namna hii huiangalia kwa tahadhari ripoti ya kwanza ya mshiriki mpya, na wengine huiondoa kabisa. Mtu aghalabu hujiunga siku anayoumwa, kwa hiyo ripoti ya kwanza huwa na ugonjwa kupita kiasi. Huhesabiwa wale waliojibu wiki kadhaa mfululizo. Ukijiunga leo usitegemee jibu lako la kwanza lifanye kazi kubwa. La sita na la kumi ndiyo yenye uzito.

Faida ya dodoso juu ya takwimu za hospitali ni kwamba halitikiswi na idadi ya vipimo. Serikali ikipeleka vipimo zaidi, wagonjwa waliothibitishwa huongezeka hata kama ugonjwa haujaenea zaidi. Vipimo vikiisha, mstari kwenye grafu hushuka huku watu wakiendelea kuumwa majumbani. Swali la "ulikohoa wiki hii?" halibadiliki, na wengi wa wanaougua mafua hawafiki kwa daktari hata siku moja. Ulaya kuna mtandao wa namna hiyo uitwao Influenzanet, uliochipuka Uholanzi na Ubelgiji mwaka 2003. Udhaifu wake ni uleule wa Flutracking: wanaojitolea si picha kamili ya jamii. Wazee sana, watoto wasio na mzazi wa kuwajibia na watu wasio na intaneti huwa wachache, na mchambuzi hulazimika kuwapa uzito zaidi wale wachache waliopo ili mizani ikae. Mizani hiyo ina kikomo. Kundi likiwa na watu watatu tu, kuwazidisha mara mia ni kuzidisha bahati.

Kutoka kuulizwa kila wiki hadi kuulizwa kila siku kuna hatua kubwa, na programu ya simu iliyoipiga hatua hiyo vizuri ni COVID Symptom Study ya kampuni ya ZOE pamoja na King's College London. Ilizinduliwa Uingereza tarehe 24 Machi 2020. Mshiriki alibonyeza kila siku kama yuko mzima au ana dalili, akachagua dalili kwenye orodha, akaeleza kama amepimwa na jibu lilikuwa nini. Kati ya siku ile na tarehe 21 Aprili, watu 2,618,862 wa Uingereza na Marekani walikuwa wameripoti.

Hapo ndipo thamani ya orodha ndefu ya dalili ilipoonekana. Kati ya washiriki wa Uingereza waliopimwa, waliopoteza uwezo wa kunusa au kuonja walikuwa karibu asilimia 65 ya waliokutwa na virusi, na karibu asilimia 22 tu ya waliokutwa hawana. Tarehe 18 Mei 2020 serikali ya Uingereza iliongeza dalili hiyo kwenye orodha rasmi, pamoja na homa na kikohozi kipya kisichokoma. Maana yake, mtu asiye na homa ambaye kahawa haimnukii tena alianza kuambiwa ajitenge na apimwe. Hakuna daktari mmoja ambaye angeona wagonjwa wa kutosha kusema hivyo kwa uhakika katika mwezi mmoja. Na bila wale waliopimwa wakakutwa hawana virusi, asilimia 65 peke yake isingekuwa na maana, kwa kuwa mafua ya kawaida nayo huziba pua.

Programu hiyo pia iliwarudishia washiriki walichokipanda: makadirio ya maambukizi katika eneo lao yalionekana kwenye skrini ileile waliyojazia. Tunalihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya ubora wa huduma, si pambo. Mtu huendelea kujibu akiona jibu lake limekwenda mahali. Panapohitaji macho ya mshiriki ni kwamba mwenye programu ni kampuni yenye biashara nyingine, ya ushauri wa lishe, na fedha za serikali kwa utafiti huo zilikoma mwaka 2022. Huduma ikibadili mfadhili au kazi, masharti nayo huja upya kwenye skrini, na vidole vimeshazoea kubonyeza "Nakubali". Masharti mapya yasome kana kwamba ndiyo kwanza unajiunga. Tafuta sentensi inayosema data ya zamani itatumikaje, maana ndiyo inayofichika katikati.

Sasa tuje kwenye huduma iliyotengenezwa kwa ustadi kuliko zote tulizozipima: mfumo wa taarifa za mgusano wa Apple na Google, wa kumwarifu mtu aliyekuwa karibu na mwenye virusi vya korona. Ulitangazwa tarehe 10 Aprili 2020 na kutolewa tarehe 20 Mei mwaka huo. Kila siku simu ilijitengenezea ufunguo wa siri wa nasibu. Kutokana na ufunguo huo ilitoa namba fupi za kupita, na kuzitangaza kwa Bluetooth. Namba zilibadilika kila baada ya dakika 10 hadi 20, hivyo aliyekuwa karibu hakuweza kukufuata siku nzima kwa kunasa namba moja. Simu za jirani zilinasa namba hizo na kuziweka ndani kwa siku 14. Alipopatikana na virusi, mtu aliombwa ridhaa ya kupakia funguo zake za siku za karibuni kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya huduma. Simu nyingine zilishusha funguo hizo, zikazalisha upya namba zote zilizotokana nazo, na kulinganisha na zilizonasa. Ulinganisho ulifanyika ndani ya simu yako. Seva haikujua ulikutana na nani, wala wewe hukuambiwa ni nani aliyekuwa na virusi.

Uingereza ilijaribu kwanza njia nyingine. Programu yake ya awali ilitaka rekodi za mikutano zikusanywe kwenye seva kuu, ikajaribiwa katika kisiwa cha Wight mwezi Mei 2020. Katika majaribio iligundua asilimia 75 ya simu za Android zilizokuwa karibu, lakini asilimia 4 tu ya simu za iPhone. Sababu ilikuwa ya kiufundi tupu: iPhone huinyima Bluetooth programu ambayo haiko wazi kwenye skrini, na mtu hawezi kutembea mchana kutwa ameishika simu programu ikiwa wazi. Tarehe 18 Juni mpango ukaachwa. Programu mpya, NHS COVID-19, iliyojengwa juu ya mfumo wa Apple na Google, ilianza England na Wales tarehe 24 Septemba 2020 na kufungwa tarehe 27 Aprili 2023.

Matokeo yake yamechapishwa, nasi tunayaona kuwa hoja yenye nguvu kuliko zote kwa anayesema faragha na afya ya umma haviwezi kukaa chumba kimoja. Hadi mwisho wa mwaka 2020 programu ilikuwa ikitumiwa mara kwa mara na watu takriban milioni 16.5, asilimia 28 ya wakazi, na ilikuwa imetuma tahadhari takriban milioni 1.7. Kati ya walioonywa, kama asilimia 6 walikuja kuthibitika kuambukizwa. Makadirio ya mwaka mzima wa kwanza ni kwamba ilizuia maambukizi takriban milioni moja, watu 44,000 kulazwa, na vifo 9,600. Yote hayo bila seva kuwa na jina la mtu wala ramani ya safari zake.

Baadaye, kutokana na vifurushi vya takwimu visivyo na utambulisho ambavyo simu zilituma, watafiti walichambua migusano milioni 7 na kuona kuwa muda wa kukaa pamoja ndio uliobeba uzito. Watu wa nyumba moja walikuwa kama asilimia 6 ya migusano, lakini asilimia 40 ya maambukizi. Ni jibu linaloweza kutumika jikoni na ofisini: aliyekaa na mgonjwa kwa saa kadhaa ana sababu ya kujipima kabla ya aliyepishana naye dukani.

Mapungufu yapo, na ni vizuri yajulikane. Bluetooth haipimi umbali. Hupima nguvu ya mawimbi, kisha umbali hukisiwa. Mwili wa binadamu hunyonya mawimbi hayo, kwa hiyo simu mbili zilizo kwenye mifuko ya nyuma ya watu wanaotazamana zinaweza kuonekana ziko mbali, na simu zilizotenganishwa na ukuta mwembamba wa mbao zikaonekana ziko chumba kimoja. Simu iliyoachwa kwenye kabati la kazini huku mwenyewe akiwa ghorofa nyingine hurekodi mikutano isiyokuwepo. Kubwa zaidi, mnyororo mzima hukatika pale mtu aliyepatikana na virusi asipokubali kupakia funguo, au akikubali siku ya tano, wakati waliokaa naye wameshaambukiza wengine. Mfumo unategemea mambo matatu kwenda haraka kwa pamoja: kipimo, jibu, na kidole cha mgonjwa. Palipo na majibu ya maabara yanayochelewa wiki nzima, programu nzuri kiasi gani haitasaidia kitu, na hatungeshauri fedha zielekezwe huko kabla ya maabara.

Kuna kinyume chake ambacho kila anayebuni huduma kama hii angepaswa kukijua. Singapore ilizindua TraceTogether tarehe 20 Machi 2020, kati ya za kwanza duniani, na watu waliambiwa ni kwa ajili ya kufuatilia mgusano tu. Januari 2021 serikali ikaeleza bungeni kwamba polisi wanaweza kuipata data hiyo kwa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kuweka mpaka katika makundi saba ya makosa makubwa. Sheria ilikuja, lakini ilikuja baada ya watu kuwa wameshatoa. Katika tathmini yetu huduma hupoteza alama nyingi hapo kuliko hata kwa kuvuja kwa data. Uvujaji ni tundu, nalo linaweza kuzibwa. Ahadi iliyobadilishwa nyuma ya mtoaji humfanya akatae pia ile huduma nzuri itakayokuja kesho.

England ina ushahidi wake wa jambo hilohilo. Mpango wa care.data ulikusudia kukusanya rekodi za madaktari wa familia mahali pamoja kwa ajili ya utafiti na upangaji. Januari 2014 vipeperushi vilipelekwa kwenye kaya milioni 26.5. Wengi wakasema hawakukiona, na waliokiona hawakukuta fomu ya kujitoa ndani yake. Ilibidi wazungumze na daktari wao. Februari mpango ukasimamishwa, na Julai 2016 ukafungwa moja kwa moja. Lengo lilikuwa jema kabisa. Kilichouangusha ni kwamba mlango wa kutoka ulifichwa, na mtu akikuta mlango wa kutoka umefichwa huanza kujiuliza kuna nini ndani.

Linganisha na OpenSAFELY, mfumo wa kuchambua rekodi za afya uliojengwa mwaka 2020 na kundi la daktari na mtafiti Ben Goldacre katika Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Rekodi zilezile za madaktari wa familia zinatumika, ila hazihami. Zinabaki kwenye seva za kampuni ambazo tayari huzitunza kwa niaba ya zahanati. Mtafiti hupewa data ya bandia yenye umbo lilelile, huandika msimbo wa uchambuzi juu yake hadi ufanye kazi, kisha msimbo ndio unaosafiri kwenda kwenye rekodi halisi na kukimbia humo. Kinachotoka ni jedwali la jumla, nalo hukaguliwa na mtu kabla ya kuachiwa ili visanduku vyenye watu wachache vifichwe. Kila msimbo uliokimbizwa huwekwa hadharani, hivyo yeyote anaweza kuona mtafiti fulani aliuliza swali gani na lini. Utafiti wao wa kwanza uligusa rekodi za watu wazima 17,278,392 na vifo 10,926 vilivyohusishwa na COVID-19. Ulionyesha kwa vipimo jinsi umri, umaskini, kisukari kisichodhibitiwa na mambo mengine yalivyopandisha hatari, na kwamba watu weusi na wenye asili ya Asia Kusini walikuwa katika hatari zaidi kwa kiwango ambacho magonjwa mengine na umaskini havikukieleza chote.

Kasoro yake, kwa macho ya mtoaji wa taarifa, ni kwamba hakuulizwa mmoja mmoja. Ilitumika ilani ya kisheria ya wakati wa janga. Kwa mtafiti kasoro ni nyingine: asiyeweza kuandika msimbo hana pa kuingilia, na anayezoea kuchungulia safu moja moja ili ajue kwa nini hesabu haikubali atapata tabu, kwa kuwa safu halisi hazionekani kamwe. Tunaona usumbufu huo una haki yake.

Kwa nini kufuta jina hakutoshi? Katikati ya miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti rekodi za hospitali za watumishi wake, majina yakiwa yameondolewa lakini tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vikibaki. Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi wakati huo, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulipanga kando ya rekodi hizo. Watu sita mjini walizaliwa siku moja na gavana wa jimbo, William Weld. Watatu walikuwa wanaume. Mmoja tu aliishi katika msimbo wake wa posta. Baadaye Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya wakazi wa Marekani wanaweza kutambulika kwa vitu hivyo vitatu pekee. Mtafiti mwingine, Philippe Golle, alirudia hesabu mwaka 2006 akapata kama asilimia 63, nayo bado ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo dodoso la afya likikutaka tarehe kamili ya kuzaliwa, uliza kwa nini mwaka pekee hautoshi. Mara nyingi unatosha.

UK Biobank, hazina ya Uingereza ya sampuli na rekodi za afya kwa ajili ya utafiti, ni mnyama mwingine na tutaipitia kwa kifupi. Watu 500,000 wa umri wa miaka 40 hadi 69 walijiunga kati ya mwaka 2006 na 2010, wakatoa damu, mkojo, mate na ruhusa ya kufuatwa kwenye rekodi zao kwa miaka mingi. Kwa utafiti wa chanzo cha magonjwa haina mpinzani. Lakini walioitikia walikuwa asilimia 5.5 tu ya walioalikwa, nao wana afya bora kuliko jamii, kwa hiyo usiitumie kukadiria ni wangapi nchini wana ugonjwa fulani. Sifa yake tunayotamani wengine waiige ni ngazi tatu za kujitoa: usinitafute tena lakini endelea kutumia nilichokupa na rekodi zangu, usinitafute wala usichukue rekodi mpya, au usitumie chochote tena. Huduma nyingi hutoa ngazi moja tu, nayo ni ya kukata kila kitu.

Kuhusu mifumo isiyomuuliza mtu kabisa, Google Flu Trends ndiyo fundisho. Ilianza mwaka 2008 ikikisia mafua kwa kuangalia maneno watu wanayotafuta. Kati ya Agosti 2011 na Septemba 2013 ilikisia juu kupita kiasi katika wiki 100 kati ya 108, na mwaka 2015 ikaacha kuchapisha makadirio. Habari za mafua zikivuma, wazima nao hutafuta "dalili za mafua", na mfumo hauna njia ya kuwatenganisha na wagonjwa. Flutracking inayo, kwa sababu imewauliza.

Aina ya mwisho ni ripoti za madhara ya dawa na chanjo, ambazo tunaziweka hapa kwa kuwa ndizo mtu wa kawaida anaweza kuzitumia karibu kila mahali, kupitia mamlaka ya dawa ya nchi yake. Ripoti huhesabika kuwa halali ikiwa na mambo manne: mgonjwa anayeweza kubainishwa, na hapa herufi za kwanza za jina, umri au jinsia hutosha; mtoa ripoti; dawa inayoshukiwa; na tatizo lililotokea. Hizo nne zinafungua faili, lakini haziufikishi uchunguzi mbali. Kinachoufikisha ni tarehe ya kuanza dawa, tarehe tatizo lilipoanza, dozi, dawa nyingine zilizotumika wakati huo zikiwemo za mitishamba, kama dawa iliachwa na tatizo likaisha, na kwa chanjo, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kichupa au kadi. Bila namba ya toleo, mtaalamu hawezi kujua kama tatizo ni la chanjo yenyewe au la shehena moja iliyopata joto njiani. Piga picha kadi yako ya chanjo siku hiyohiyo. Na usiichukue idadi ya ripoti hizi kuwa ukubwa wa hatari: hazisemi ni wangapi walitumia dawa ileile wasidhurike. Ni kengele ya kuanzia uchunguzi, na kwa kazi hiyo hazina mbadala.

Ukishaamua kutoa, toa vizuri. Makosa yanayoharibu data ni madogo na hujirudia kila mahali. La kwanza ni tarehe: mtu huandika siku anayojaza badala ya siku dalili zilipoanza, na mlipuko mzima ukaonekana umechelewa kwa siku tatu au nne. Kama fomu ina kisanduku cha 03/04, hakikisha ni tarehe 3 Aprili au tarehe 4 Machi kabla ya kuandika. La pili ni kuchanganya siku ya kuchukuliwa kipimo na siku ya kupokea jibu. La tatu ni familia nzima kujaza kwa wasifu wa mtu mmoja, hadi bibi wa miaka 70 na mjukuu wa miaka 6 wanakuwa mgonjwa mmoja anayepata homa kila wiki. Fungua wasifu wa kila mmoja. La nne ni joto la mwili lililokisiwa kwa kiganja. Kama hukupima, chagua "sikupima". Jibu hilo ni data halali, wakati 38 ya kubuni ni sumu.

Upande wa simu, ruhusa tatu ndizo za kuangaliwa. Mahali: simu nyingi za sasa hukuruhusu kutoa eneo la makadirio badala ya mahali kamili, na kwa dodoso la dalili makadirio yanatosha. Orodha ya namba za simu: hakuna huduma ya afya ya umma kati ya hizi inayoihitaji, ikataliwe. Picha na kipaza sauti: ruhusu pale tu programu inapoeleza swali linalojibiwa, kwa mfano utafiti wa sauti ya kikohozi, kisha funga ukimaliza. Bluetooth kwa programu za mgusano lazima iwe wazi muda wote, na hali ya kuokoa betri inaweza kuidhoofisha kimyakimya. Kama simu yako ina orodha ya programu zisizobanwa na uokoaji wa betri, iingize humo.

Kuondoka nako kuna utaratibu wake. Kufuta programu kwenye simu hakufuti kilichokwisha kutumwa kwenye seva. Andika kwa anwani iliyotajwa kwenye sera yao ya faragha, utumie barua pepe ileile uliyojiandikishia, utaje kama unataka usimamishwe tu au ufutwe, na uulize tarehe ya mwisho ambayo data yako iliingia kwenye uchambuzi. Kilichokwisha kuchapishwa kama jumla hakiwezi kutolewa tena, na huduma inayokuahidi vinginevyo haijui inachosema. Kama data yako ilihifadhiwa bila utambulisho wowote, kama zile namba za Bluetooth, watakujibu kwamba hawawezi kuipata ili waifute. Hapo jibu hilo ni la kweli, na funguo zilizobaki ndani ya simu mtu aliweza kuzifuta mwenyewe kwenye mipangilio.